Samaki Aliyekosa Gamba

Hamisi, mjukuu wangu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Miaka miwili hujakanyaga Ujiji, kisha unapiga simu kuulizia samaki! Huna haya. Sisi wazima, mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike, ana pua yako, maskini.

Unasema samaki wa ziwa letu wanauana kwenye tangi lako la kioo. Nikiwa msichana nilitia kwenye beseni wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, pamoja na mmoja wa kwenye mawe. Magamba nikayatupa, niwaone vizuri. Kufika jioni wadogo wawili walikuwa wamekufa. Bibi yangu akaniambia, “Umewavunjia nyumba, kisha ukawaletea mgeni!”

Nikarudisha magamba na mchanga upande mmoja, mawe upande wa pili. Waliobaki wakajiingiza, na yule wa mawe hakuwafuata tena. Nani aliwaonyesha mpaka? Mpaka leo najiuliza.

Basi tazama kwanza kama kila mmoja ana pa kuingia. Kuhe, lile samaki kubwa, usimtie kabisa, huyo ni wa sufuria.

Ukija, lete mfuko tukaokote magamba ufukweni Katonga. Na usifikie gesti kama mara ile. Kitanda chako kiko palepale. Nimewakatalia wote kukilalia.

Bibi yako