Tawi la Njia Panda

Mchukwi, Kibiti,
3 Agosti 2025.

Mpendwa dada Warda,

Assalam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji Mudrick na watoto. Vipi baridi ya Dodoma? Huku kipupwe kimetung'ang'aniza kwenye mashuka mpaka jua linapanda. Sisi hatujambo, isipokuwa mguu wa Shangazi, na mguu huo ndio ulionikalisha kuandika. Kwa simu nisingeweza. Ningeisikia sauti yako tu, ningeanza kukuuliza bei ya vitunguu.

Mwalimu Sixtus wa kamati ya mbio alikupigia simu kwamba mama yako alipotea kwenye mbio za familia, tena kwenye vijia alivyovipita tangu usichana wake. Nawe umesema Jumamosi unakuja kumchukua, kwa kuwa akili zimeanza kumtoka. Dada, Shangazi hakupotea. Mimi ndiye niliyempoteza.

Mbio zenyewe zilikuwa za kufurahia mavuno. Vijana kilometa kumi, na watoto, kina mama na wazee kilometa mbili, zote kwa vijia vya mashambani, lami hakuna. Kamati ilinichagua mimi kuchora njia na kufunga vitambaa vyeupe kwenye miti, maana vijia hivi navijua. Kichwa kilinivimba, sikufichi. Wakanipa na fulana yenye maandishi mgongoni, nikalala nayo.

Sasa njia ya familia ilipita kando ya shamba langu, na ufuta wangu nilikuwa nimeusimamisha matita matita unakauka. Unaujua ufuta uliokauka, mtoto akiugusa tu wote uko chini. Alfajiri ya siku ile roho ikaniuma. Nikakata tawi la mkorosho, nikaliweka pale njia panda, ili watu wapite njia ya bondeni. Vitambaa sikuvihamisha, nikiogopa Mwalimu Sixtus asije akauliza. Na ile njia ya bondeni nilikuwa sijaikanyaga tangu masika.

Basi walimu, wauguzi na watoto wao, watu wa bara, kwao tawi ni tawi. Waliliruka, wakafuata vitambaa, na ufuta wangu wakaumwaga vilevile. Shangazi alikuwa nyuma yao, peke yake, kanga kaifunga kiunoni, anakwenda taratibu. Wewe unajua tulivyolelewa: anayetangulia huziba njia mbaya kwa tawi bichi, na anayefuata halivuki. Hakulivuka. Akashuka bondeni kwenye matete, kumbe maji ya masika yalishaikata njia, akatumbukia. Alikaa kwenye tope saa mbili nzima, mguu umeteguka, na mimi niko kwenye uwanja wa shule nawagawia watoto machungwa.

Sijamaliza. Iliposemwa kuwa haonekani, nilitoka mbio kuwapita wote, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kulitupa lile tawi kichakani. Ndipo nikaanza kumwita. Tulipomtoa, nikasema mbele za watu kwamba ni uzee, kumbukumbu zimekwenda. Shangazi alinitazama kitambo, kisha akawaambia, "Ndiyo, nimepotea." Laiti angenitukana, dada. Tusi ningelibeba.

Hospitalini walisema mfupa haukuvunjika. Lakini watoto wa mtaani sasa wanamwita Bibi Potea, naye anaitika. Kapu lake ameshalifunga. Kuku wake amewagawa kwa jirani, na jembe ameniachia mimi. Hataki kukubishia, asije akalazimika kunitaja.

Kamati nimeiambia yote juzi Ijumaa, na fulana nimeirudisha. Mwalimu Sixtus hakunigombeza, alitazama chini tu. Haya nilizoziona pale nilidhani ndizo za mwisho, lakini zinazonichoma zaidi ni za siku moja kabla. Nilikuwa namkanda Shangazi mguu kwa mafuta ya nazi, nikashindwa kuendelea kuficha, nikamuungamia. Hakushtuka. Akaniambia, "Tawi nililijua ni lako. Limekatwa kwa mkono wa kushoto, na mashoto hapa ni wewe tu." Nikamuuliza, mbona basi alishuka bondeni?

"Kwa kuwa lilikuwa lako, mwanangu."

Dada Warda, Jumamosi njoo, lakini njoo kumtembelea. Akili zake ni timamu kuliko zangu. Ukiona mimi sifai tena kukaa naye, sema, nitahama mimi, yeye abaki kwenye nyumba yake. Kuku nitawaomba warudi mmoja mmoja.

Nisalimie shemeji Mudrick, umbusu Yasmin, na mwambie Zaidi kwamba mjomba wake anamkumbuka. Shangazi hajui kama naandika. Mungu awatunze njiani, awafikishe kwa heri.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, ingawa uso nimeuinamisha,

Bushiri