Masika Watatu Chumba Kimoja

Mdogo wangu Biira,

Pokea salamu kutoka juu ya maji, mimi na afya yangu. Meli ya kwenye picha ya kadi hii ni nyeupe. Hii tuliyopanda inatoa moshi kushinda jiko la mama hapo Bwera.

Chumba wanakodisha kizima, vitanda vinne, bei ile ile mkiwa wawili au wanne. Basi nilichanga na wenzangu wawili, Masika wa Kabatoro muuza chumvi na Masika wa Rukoki. Tumefika mlangoni mvua inamwagika. Karani, mtu wa pwani, akaita, "Masika!" Tukaitika wote watatu.

"Mwaka mzima una masika moja, nyinyi mnaniletea tatu? Jina limerudiwa. Aingie mmoja, wengine mtalala nje."

Masika wa Kabatoro akamsogelea. "Afande, kwetu Masika iko binti wa kwanza. Hapa umesimamisha wakubwa wa nyumba tatu kwa mvua."

Alicheka mpaka kofia ikamtoka, akatupisha: "Karibuni, dada wakubwa."

Kitanda cha nne tulimpa mama mmoja wa Kahendero aliyekuwa akinyeshewa, naye akachangia. Kumbe anaitwa Biira, binti wa pili kama wewe! Kusikia majina yetu tu, akapanda kitanda cha juu bila kuambiwa, kisha akashuka kututafutia chai. Ana mvi, lakini kikombe amenipa kwa mikono miwili, kama mdogo kwa dada mkubwa. Wewe mkono wako wa pili nitauona lini?

Mungu akutunze, mpenzi wangu.

Dada yako mkubwa,
Masika