Nilichoandika Siku ya Tatu

Sigatoka, Jumatatu

Kwako Vasiti, binamu na mtani wangu,

Huku hatujambo. Mihogo imestawi, na Bibi bado anakuulizia.

Goti langu lilikuwa limepona tangu mwezi wa nne, lakini mguu ulikataa kuruka. Ateca, anayetunyoosha viungo hospitalini, alinicheka: "Mcheza raga mzima unaogopa nyasi?" Kisha akanipa daftari. "Andika yanayokuuma, dakika ishirini kila siku, kwa siku nne. Mimi sitasoma."

Siku mbili niliandika maumivu tu. Siku ya tatu nikajikuta naandika nisilowahi kumwambia mtu: siku ile goti lilipoumia uwanjani, si wewe uliyeniumiza. Mimi ndiye niliyekuvamia kwa bega nikitaka nikuvunje, kwa kuwa ulichaguliwa timu ya Suva nami nikaachwa. Watu waliniona nikianguka, wakakulaumu wewe mpaka ukahamia Labasa. Nami nikanyamaza. Nadhani uliyaona macho yangu, nawe ukanyamaza.

Nililia mpaka maandishi yakafutika. Kesho yake, Vasiti, niliruka! Niliruka tena na tena, nikiutazama mguu wangu kama wa mtu mwingine. Ateca alibaki ameshika mdomo. Mpaka leo nikiukunja na kuukunjua nasisimka mwili.

Jana kanisani nilisimama nikayasema yote mbele ya watu. Bibi hajanisemesha tangu hapo. Kocha ananiita uwanjani, lakini nimemwambia sirudi kucheza mpaka wewe uniruhusu.

Niandikie, hata kama ni matusi matupu.

Mimi niliyekukosea,
Raijieli