Usizichome Negativu, Baba

Cibitoke, Bujumbura
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ukiacha mafua ya vumbi la kiangazi ambayo huku hayamwachi mtu. Wewe je, goti linakuruhusu kwenda kanisani kwa miguu, au bado unapanda pikipiki ya kaka Festo na kumkaripia njia nzima kwamba anakimbiza? Na kikohozi cha asubuhi? Usinijibu "hakuna neno", nataka kujua kweli.

Shangazi Tekla alinipigia juzi. Kasema umefungua chumba cha studio, umetoa makopo yote ya biskuti yenye negativu, zile filamu za picha zako zote, umeyapanga uani, na Jumamosi ijayo unayachoma moto ili chumba apangishwe fundi simu. Nikakupigia mara nne. Hukupokea. Nakujua, ukishaamua jambo simu yako huwa haina chaji. Kwa hiyo nimeandika, na jirani yangu anayekuja huko kufuata mawese atakukabidhi barua hii mkononi. Nakuomba, isome mpaka mwisho ndipo ushike kiberiti.

Nianze na habari za kazi, maana ndiko yote yalikotokea. Nilikwambia nimepata nafasi ya kuwapiga picha finaliste, ndivyo wanavyowaita hapa wanafunzi wanaomaliza sekondari. Shule yao iko Kamenge. Siku hizi hawataki picha ya ndani yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Wanataka nje, kwenye majani na hewa, kila mmoja peke yake, picha kubwa ya kutundika sebuleni. Wazazi walikubaliana nianze na mwanafunzi mmoja, wakiridhika wanipe darasa zima. Mwanafunzi huyo anaitwa Divine, na mama yake ndiye msemaji wa wazazi wote. Ni mwanamke wa Uvira, anauza vitenge, na sauti yake inafika mtaa wa pili bila simu.

Nikampeleka Divine Kinanira, kule mlimani, kwenye uwanja wenye majani ambako ziwa linaonekana lote chini. Ilikuwa baada ya misa, saa saba mchana. Nikafanya kama ulivyonifundisha: jua mgongoni mwangu, mteja alitazame, kidevu juu, mikono chini, vuta pumzi. Baba, ungeziona zile picha! Macho yamekunjamana kama mtu aliyelamba ndimu, chini ya nyusi giza tupu, na pua imetupa kivuli mdomoni mpaka msichana wa watu akaota sharubu. Najua utasema nilichagua saa mbaya, na ni kweli. Lakini wewe ulipiga saa hiyohiyo uani kwetu, miaka na miaka, na watu walitoka na nyuso laini. Nilijiuliza wiki nzima ulikuwa ukifanya nini ambacho mimi sikifanyi.

Na hilo halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa ni kwamba nilimpiga kuanzia magotini kwenda juu, kama ninavyoona kwenye magazeti ya mitindo. Mama Divine alinifuata mpaka nyumbani, picha mkononi, hata kiti hakukitaka.

"We dada, mutoto wangu iko na miguu ngapi?"

"Miwili, mama."

"Umeiweka wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za kusogelea uso, kwamba uso ndio wenye mtu. Alinikata kauli.

"Apana! Mi nilimununulia viatu mupya juu ya hii photo. Nilizunguka soko muzima. Sasa batu bataingia kwangu, bataona mutoto amekatwa kama muti. Batasema nilimupeleka masomo peku!"

Nilitaka kucheka, nikayaona macho yake, nikajizuia. Huku ni kama kwetu, picha isiyo na viatu ni picha ya nusu mtu. Nami nimekulia studio nikalisahau hilo! Wewe ulikuwa ukisema mteja akipokea picha anaangalia miguu kwanza, akishaiona ipo ndipo anautafuta uso wake. Nikamwomba Mama Divine nafasi nyingine. Akasema ni moja tu, na safari hii atakuja mwenyewe kunisimamia.

Siku moja kabla ya kupiga upya nilipanda Kinanira bila kamera. Nikakaa juu ya jiwe nikitazama mwanga unavyotembea. Kuanzia saa kumi jua linashuka upande wa milima ya Congo, ng'ambo ya ziwa, na majani yanaanza kubadilika rangi. Ni kama ninyi mnavyoliona mkiwa barazani. Nililia, Baba, sitakuficha. Nilikumbuka harufu ya dawa za kusafishia picha kwenye vidole vyako ukinimegea ugali, na kofia yako ya kitambaa, na foleni ya watu siku za Pasaka. Watu waliopita walinitazama wakadhani nimefiwa.

Kesho yake saa kumi na nusu tukawa pale. Nikamsimamisha Divine akilipa jua mgongo. Macho yakafunguka vizuri, nywele zikawaka pembeni, mimi mwenyewe nikatabasamu. Lakini uso ukawa mweusi kama chungu. Nikiiongezea kamera mwanga, ziwa na milima vinafutika, vinabaki karatasi tupu. Nikasogea kushoto, nikasogea kulia, nikachuchumaa. Divine naye alikuwa amekauka.

"Dada, mi sijui mikono niweke wapi," akaninong'oneza.

Mama yake akashika kiuno. "Jua inaenda kulala, we bado unacheza?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama. Nilimwona wazi kabisa: yuko uani, kanga ameifunga kifuani, ameshika shuka jeupe la kitandani kwa mikono miwili, amelinyoosha karibu na bega la mteja, na wewe unamwelekeza kwa kidevu bila kutoa jicho kwenye kamera. Juu. Chini. Inamisha. Utoto wangu wote nilidhani anaficha kuku na ndoo visionekane! Kumbe lile shuka ndilo lililokuwa likirudisha mwanga usoni mwa watu. Mji mzima ulikusifu wewe na kamera yako, na nusu ya sifa ilikuwa ya shuka la Mama. Usinune, unajua ni kweli.

Mimi sikuja na shuka. Lakini Mama Divine alitoka sokoni moja kwa moja, na kwenye mzigo wake mlikuwa na mashuka mapya. Nikamwomba jeupe moja, anishikie kama Mama.

"Shuka ya biashara?" aliniuliza, kama nimemwomba figo.

"Dakika tano tu mama, halitagusa chini."

Akaguna, akampa Divine mkoba wake ili yeye abaki na mikono miwili ya kushikia shuka. Na Divine akaupokea kama wanavyopokea watoto waliolelewa huku: mkono wa kulia mbele, wa kushoto umeushika ule wa kulia karibu na kiwiko, magoti yamelegea kidogo, macho kwa mama yake. Mabega yakashuka yenyewe. Yule msichana aliyekuwa hajui mikono yake ilipo akawa mtu mwingine kabisa.

"Kaa hivyohivyo!" nikamwambia. "Usinitazame mimi, mtazame mama."

Nikarudi nyuma mpaka viatu vikaingia vyote na majani kidogo chini yake. Nikashusha kamera usawa wa kiuno ili nisimfupishe, nikamweka pembeni kidogo, ziwa likabaki na nafasi yake. Mama Divine akainua shuka. Uso wa mtoto ukajaa mwanga, laini, bila sharubu. Nikapiga tatu, nikajua imetosha. Nilitamani ungekuwepo, Baba, uniambie "sogea" na "subiri" kwa ile sauti yako ya hasira ya bure.

Mama Divine alipokuja kuitazama kwenye kompyuta, alianza na viatu. "Ego," akasema, akatikisa kichwa kukubali. Akapanda mpaka usoni, akausogelea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Halafu akagusa ukingo wa kushoto wa picha, ambako shuka lilionekana kidogo na vidole vimelishika.

"Hii mikono ya nani?"

"Yako, mama. Naikata sasa hivi, haitaonekana."

"Unakata nini? Iache! Huyu mutoto nilimusomesha peke yangu. Hata mi niko mule."

Nikaiacha. Wiki iliyofuata wazazi wakanipa darasa zima, na wanawake watatu wameshaniuliza kama wao pia wanaruhusiwa kushika shuka.

Baba, sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Najua huchomi kwa ajili ya fundi simu. Siku tuliyomzika Mama tulibeba ile picha yake ya kitambulisho, imekuzwa mpaka amekuwa ukungu, maana ya harusi ililiwa na mchwa na nyingine hatukuwa nayo. Nilisikia walivyonong'ona nyuma yetu kwamba mke wa mpiga picha hana picha. Nawe ulisikia, niliona ulivyoivuta kofia yako mpaka machoni. Tangu siku hiyo hukufungua studio. Sikukulaumu siku ile na sikulaumu leo, ila nimekaa na uchungu huo bila kukwambia, na pengine nawe umekaa na wako vivyo hivyo.

Lakini fikiri. Ulikuwa ukisafisha picha, kisha unachukua rula ya chuma na wembe, unaukata ukingo wenye mikono ya Mama, kwa sababu mteja hakuja kutafuta vidole vya mke wa mtu. Ulikata karatasi tu. Negativu hukuzikata. Kila moja iliyo ndani ya makopo hayo bado ina ukingo wake. Inua yoyote kwenye dirisha uone rangi zilivyogeuka: shuka limekuwa jeusi, na mikono yake imekuwa myeupe.

Msalimie sana shangazi Tekla, mwambie nimemshukuru kwa umbea wake safari hii. Kaka Festo na mkewe, na mtoto wao ambaye sijambeba bado. Mzee wa kanisa jirani yetu, kama bado anakudai mchezo wa bao, mwache ashinde mara moja.

Na kabla sijafunga. Unakumbuka siku ulipompiga picha mwalimu wa kwaya, yule mnene mwenye tai nyekundu? Upepo wa ziwa ukapiga, shuka likamponyoka Mama upande mmoja, likamfunika mwalimu kichwa kizima. Mama akabaki amesimama pembeni, hana cha kumficha, anacheka mpaka ameshika tumbo. Nawe ulikuwa umeshabonyeza. Ukapiga kelele, "Imeharibika!", ukapiga nyingine, na ile ya kwanza hukuisafisha kamwe. Lakini hukuwa mtu wa kutupa filamu. Imo humo uani, katika kopo mojawapo, na Jumamosi bado haijafika. Keti, vaa miwani, itafute hiyo iliyoharibika. Nataka kumwona Mama.

Mwanao,
Adela