Dhiraa Kumi na Mbili za Feruzi

Alhamisi, mwezi wa Mfungo Tano. Manyunyu tangu alfajiri. Kifua kinakoroma, lakini mkono bado unashika kalamu.

Nimeficha jambo kwa miaka kumi na moja: Feruzi hamali hakuwa amelewa. Hesabu yangu ndiyo iliyomlewesha.

Mdogo wangu Athumani hataki niandike haya. Amekaa mlangoni, ananitazama kama anayelinda mtungi usivunjike.

Naandika.

Siku ile gari la hamali lililojaa magunia ya mtama lilishuka mteremko wa forodhani, likamvunja mguu Bi Mwanaidi, muuza vitumbua. Feruzi, mtumwa aliyekuwa akiliongoza, alisema alimwona gari lilipofika kisimani, katikati ya mteremko, na hapo hapo akavuta kamba ya gogo linalobana gurudumu. Gari lilisimama dhiraa kumi na mbili kupita kisima, gurudumu likiwa juu ya mguu wa Bi Mwanaidi.

Wazee wakaniita barazani, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa hesabu na falaki.

Swali lilionekana jepesi. Gari likishuka kwa mwendo wa mtu anayetembea, kamba ikivutwa, husimama baada ya dhiraa tatu. Siku ile lilikuwa na kasi mara mbili ya hiyo. Mashahidi wote walikubaliana. Lingepaswa kusimama wapi?

"Dhiraa sita," nilisema. Kasi mara mbili, umbali mara mbili.

Basi Feruzi alichelewa kuvuta kamba. Basi alikuwa amekunywa tembo. Akapigwa viboko, akanyang'anywa gari. Wenzake wakawa wanamwuliza kila asubuhi, "Feruzi, leo umekunywa dhiraa ngapi?" Mwishowe, kwa ruhusa ya bwana wake, akahamia kijiji cha Zinga kulima muhogo.

Hesabu ilikuwa mbovu. Gari lenye kasi mara mbili huchukua muda mara mbili kusimama, na katika muda huo wote, kwa wastani, linakwenda kasi mara mbili. Mbili mara mbili ni nne. Nne mara tatu ni kumi na mbili.

Alivuta kamba pale pale aliposema.

"Kaka," Athumani ananiambia, "nusu ya mji imesoma kwako. Ukisema ulikosea dhiraa, kesho watauliza kama na rakaa ulizowafundisha ni sawasawa."

Waulize. Wakae chini wahesabu wenyewe. Nilipaswa kuwafundisha hivyo tangu mwanzo.

Anasema nife na heshima yangu. Heshima gani? Ile niliyomvua mtu mbele ya baraza zima? Sitaki kuzikwa nayo.

Jana nilimwita Feruzi, akaja kwa miguu kutoka Zinga. Kichwa chake nacho kimekuwa cheupe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapa kitandani, si sakafuni."

Nikamwaga kunde mkekani, nikazipanga tatu, tatu, tatu, tatu. Nikamweleza. Alizitazama bila kuzigusa.

"Hayo miguu yangu iliyajua siku ileile," alisema. "Ila nani angeiuliza miguu ya mtumwa?"

Nikaanza kuzikusanya kunde. Akanitazama.

"Na wewe, Mwalimu, ulijua lini?"

"Baadaye," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaomba maji, akaondoka. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa, Athumani ataisoma karatasi hii msikitini kwa sauti, na Feruzi atakuwepo. Nimemwapisha Athumani. Anadhani tayari ameyasikia yote, na kwamba haya yaliyokwisha kuandikwa yanatosha kuniaibisha. Naongeza mistari hii, naye asiiruke.

Nilimdanganya Feruzi jana. Sikujua baadaye. Siku moja kabla ya baraza, mimi na hamali mmoja ambaye sasa ni marehemu tulilichukua gari lilelile, tukalishusha mara tano kwa kasi ileile, tukivuta kamba kila lilipofika kisimani. Mara zote tano lilisimama kwenye dhiraa kumi na mbili. Kesho yake nikasimama mbele ya wazee nikasema sita, kwa sababu sita ndiyo niliyokuwa nikiifundisha.