Viraka vya Kila Ijumaa

Ijumaa, 13 Oktoba 1961

Nimeanza mfarishi mpya leo. Ule wa kwanza uko kwenye kiti cha sebuleni, na Bwana Seif, mume wangu, anaukalia na suruali yake yenye vumbi la makaa ya stesheni. Miezi mitano ya sindano! Hajui anakalia nini.

Daktari alisema nitafute kazi ya kutuliza moyo. Nimeipata. Nachukua mabaki ya nguo, nakata miraba kwa kipimo cha boksi la sabuni, naunga mmoja mmoja kwa mkono. Chini kitambaa cha marekani, katikati blanketi kuukuu. Moyo unatulia kweli. Mdomo hautulii, lakini daktari hakuuliza habari za mdomo.

Mabaki napewa na Fundi Makame, anayeshonea kwenye baraza ya duka la Mhindi. Kila Ijumaa ananiwekea mfuko. Na mfuko ule ni gazeti! Najua nani kashona nini, mji mzima. Leo kuna kitambaa cha maua makubwa kama sahani. Ni gauni jipya la Bernadeta, jirani yangu. Mtu anavaa pazia, halafu anakuja kuniambia: Mama Sada, ukishona viraka watu watadhani mumeo hakuvishi. Nikamwambia viraka vyangu vina mpango, gauni lako je? Akanuna. Chai akanywa.

Jumanne, 17 Oktoba

Bernadeta karudi. Hawezi kukaa na neno, litampasua. Eti Bi Mwanaharusi wa Mkuyuni — yule muuza dagaa — kaonekana dukani ananunua mahameli. Yadi nne. Rangi ya damu ya mzee!

Mahameli! Mwanza hii! Joto hili, dagaa wakianikwa juu ya mawe wanakauka kabla ya adhuhuri, mtu anataka kujifunga zulia mwilini. Nilicheka mpaka sindano ikaanguka. Tumeitafuta na Bernadeta tukiwa bado tunacheka.

Sada hakucheka. Mwanangu huyu ni mwalimu wa darasa la kwanza, mwaka wake wa kwanza wa kazi, basi anaona kila kitu ni somo. Kasema labda ana sababu, mama. Sababu! Muuza dagaa ana sababu gani ya mahameli? Akaondoka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mfuko mwepesi. Nusu ya kawaida! Fundi Makame anasema kazi imepungua, huku cherehani inalia na nguo zimejaa mpaka juu ya kiti chake. Na hanitazami usoni. Choyo kimemwingia uzeeni. Nilimwambia shukrani kwa sauti ya kumfanya ajisikie vibaya.

Halafu gauni langu la kijani limeibwa kambani. Lile moja linalonikaa sawasawa. Mji umeharibika hata kabla Uhuru haujafika.

Jumamosi, 28 Oktoba

Gauni limerudi! Liko kambani pale pale. Sada anasema upepo ulilipeleka kwa majirani. Upepo gani huu unaopiga pasi?

Ijumaa, 3 Novemba

Mfuko bado mwepesi. Kijani, nyeusi, manjano. Kila mtu anashona bendera. Mke wa mwalimu mkuu kashona kitambaa cha meza cha bendera, mhudumu wa hoteli kashona skafu ya bendera, na jana nimeona mbuzi ana utepe wa bendera. Tunapata nchi, watu wanafikiri tunapata sare.

Bwana Seif naye kaanza kujaribu tai mbele ya kioo. Nikamwambia Uhuru si harusi. Chai ikampalia, akakohoa mpaka machozi. Mwanaume mzima!

Ally kapita tena kwa baiskeli. Huyu ni mtoto wa huyo huyo Bi Mwanaharusi, karani wa chama cha pamba kule Kisesa. Soksi kavuta mpaka magotini, kama ana ahadi na gavana. Shikamoo mama. Marahaba. Akaenda mpaka kwenye kona, akarudi. Shikamoo mama. Nikamwambia, baba, marahaba yangu ya kwanza imeshaisha? Nikamwita Sada aje aone soksi zile. Alisema ana madaftari ya kusahihisha.

Jumapili, 12 Novemba

Tumetoka kwenye akika ya mtoto huko Mkuyuni. Wanawake kama thelathini ukumbini, pilau ya chumvi nyingi, nyama kidogo. Maneno yakafika kwenye nguo. Mimi ndiye niliyeanza? Sikumbuki. Labda ndiyo. Nikasema kuna watu wamenunua mahameli, na mahameli ya muuza dagaa hata ukiifua mara saba itanuka dagaa, paka watamsindikiza mpaka mlangoni.

Walicheka! Mama mmoja alijifunika uso kwa kanga. Halafu kicheko kikakatika, kama mtu kafunga bomba. Nikageuka. Bi Mwanaharusi yuko nyuma yangu, kashika birika. Alikuwa anasaidia kugawa chai.

Akanimiminia mpaka ukingoni. Akasema, karibu chai, Bi Mwanabaraka, kwa jina langu kamili. Basi. Hakuna kingine. Mkono haukutetemeka, tone halikumwagika.

Nilikunywa yote. Sikuona haya. Vibaya kidogo, lakini maneno ni maneno, na dagaa wananuka, mimi sikuwaumba.

Ijumaa, 17 Novemba

Siwezi kuandika vizuri. Nitaandika hivyo hivyo.

Fundi Makame ana homa. Mfuko nimepewa na mkewe, mama wa watu, akazoa mabaki yote chini ya cherehani akanipa. Mzito! Nikafurahi. Nimefika nyumbani nimemwaga kitandani, nikaanza kupanga rangi. Mahameli. Damu ya mzee. Vipande kama ishirini, virefu, vizuri — nikasema leo nina kitu cha katikati ya mfarishi. Nilishakata miraba minne.

Kipande cha tano kina karatasi imepigwa pini. Fundi huandika vipimo vya kila mteja hivyo. Mwandiko wake naujua kama wangu. Imeandikwa:

Mama Sada. Mahameli. Kifua 42. Urefu 54. MKAJA. Asijue.

Nimesoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika kuhusu kifua. Arobaini na mbili! Mwongo mkubwa!

Halafu ndiyo nikaliona lile neno. Mkaja. Nguo ya mama mzaa bibi harusi, anayopelekewa na upande wa bwana harusi kulishukuru tumbo lililozaa. Mama Sada ni mimi. Nina binti mmoja. Na mahameli imenunuliwa na mtu mmoja tu mji huu.

Nilimngoja Bwana Seif mlangoni na karatasi mkononi. Hakubisha hata. Akakaa juu ya mfarishi, akavua kofia. Barua ya posa ya Ally ilikuja Agosti. Agosti! Iko kwenye sanduku lake la nguo za baridi. Kajibu yeye, mahari kazungumza yeye na kaka zake, harusi Jumapili ya tarehe kumi na saba Desemba, baada ya Uhuru. Nikamwuliza, na mimi ningeambiwa lini, siku ya kula wali? Eti walikuwa wanatafuta siku nzuri. Eti kila siku wakiiona nzuri mimi nasema neno juu ya soksi za kijana.

Sada karudi kutoka shule. Nikamwambia, umeiba gauni langu ukampelekea fundi. Akasema ndiyo. Hakulia, alikuwa amesimama na chaki kwenye vidole. Akasema, "Mama, ningekuambia lini? Kila mtu nikimtaja, unammaliza. Nilikuwa nampenda kwa siri ili abaki mzima."

Alisema hivyo. Kwangu mimi, niliyemzaa. Nikamwambia atoke chumbani.

Miraba minne ile bado iko hapa. Siwezi kuirudisha kuwa kitambaa.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimeshona mistari miwili, nimefumua mitatu. Daktari na kazi yake ya kutuliza moyo!

Jumamosi, 25 Novemba

Wamekuja na mahari. Wazee sita upande wao, kanzu nyeupe, mvua ikawanyea njiani, wakaingia wanadondoka maji kwenye mkeka wangu. Bwana Seif kapewa kilemba chake cha baba mzazi, kakipokea anatabasamu kama mtoto aliyefaulu. Mimi niko chumba cha pili na wanawake. Nilivaa vizuri. Nilikaa nikangoja mkaja.

Haukuja.

Shangazi yake Ally alinisogelea, mwanamke mpole, akaniambia sikioni. Bi Mwanaharusi anasalimia sana. Mkaja uko tayari, umepigwa pasi, uko sandukuni. Ila amesema hawezi kumletea mama mwenzie nguo inayonuka. Atauleta kwa mkono wake mwenyewe siku atakayosikia lile neno limefutwa. Kwa mdomo ule ule, mbele ya wanawake wale wale.

Masharti! Muuza dagaa kaniwekea mimi masharti, nyumbani kwangu, halafu shangazi akaniomba sukari zaidi kwenye chai. Nilimpa. Niliweka vijiko vinne, anywe uji.

Sitakwenda. Thubutu!

Ijumaa, 1 Desemba

Sikwenda kuchukua mfuko. Fundi kapona, nasikia. Anaogopa kunipitia mlangoni. Vizuri.

Bernadeta kaja. Hakusema neno juu ya mtu yeyote. Kakaa, kanishika goti, kaniambia pole. Pole! Amevaa lile pazia lake. Mimi ndiye niliyekuwa nasema mji huu, sikuzoea kusemwa, na sasa nahurumiwa na mtu mwenye maua ya sahani kifuani. Nilimwambia nina kazi. Hata nyuzi sikuwa nimezishika.

Bwana Seif anasema, nenda tu mke wangu, ni maneno mawili. Kama ni mawili si aende yeye.

Jumapili, 10 Desemba

Uhuru tumeupata jana. Ngoma, hotuba, watoto wamepewa biskuti, mvua haikuheshimu mtu. Watu wote uwanjani. Mimi nilibaki na mfarishi, nikasema mguu unauma. Hakuna aliyeuliza mguu gani.

Bernadeta kapita jioni, sauti imemkauka kwa kushangilia. Anasema amemwona Sada. Alikuwa amesimama na Bi Mwanaharusi, wamejikinga kwa mwavuli mmoja. Bi Mwanaharusi alikuwa anamfuta maji usoni kwa ncha ya kanga yake.

Bernadeta hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya, ningekuwa na la kujibu.

Sada nilimzaa saa kumi na moja alfajiri, mvua kubwa, mkunga hakufika, nikamfuta uso mimi mwenyewe kwa kanga yangu. Nimeliandika ili liandikwe mahali.

Alhamisi, 14 Desemba

Leo Mkuyuni wanachagua mchele wa harusi. Wanawake wote watakuwepo, wale wale wa akika. Siku tatu zimebaki. Hakutakuwa na siku nyingine ambayo wamekaa pamoja namna hiyo, vichwa vimeinama kwenye sinia, masikio yako wazi.

Asubuhi nilivaa buibui. Nikavua. Nikafagia uani kulikokwisha kufagiwa. Nikavaa.

Nimekaa hapa nijaribu kuandika kwanza, nisije nikakosea mbele za watu. Bi Mwanaharusi, nakuomba radhi kwa yale niliyosema juu ya mahameli, ambayo, kusema kweli, kwa joto hili — hapana. Tena. Bi Mwanaharusi, mbele ya mama zangu na dada zangu, neno langu lilikuwa la upuuzi, ingawa mwenye kuuza dagaa lazima — hapana! Tena. Bi Mwanaharusi, umenishonea nguo nzuri ambayo mimi sikustahili, na kifua si arobaini na mbili.

Ni mkono gani huu? Kuunga vipande mia mbili nisikosee hata kona moja, naweza. Maneno mawili hayaungiki.

Sada kaja mlangoni. Kafunga kanga mpya, mikononi hina bado mbichi, anaishika juu isipakazike. Hajaingia chumbani kwangu tangu ile Ijumaa. Kasimama pale kizingitini.

Kasema, mama, mimi natangulia, wananingoja.

Nikasema, haya.

Hakuondoka. Akasema, "Kama hutaweza, usijilazimishe. Bi Mwanaharusi amesema haina neno. Siku ya harusi atasimama kama mama, pande zote mbili."

Pande zote mbili. Hakusema kwa hasira. Amesema kwa upole, anataka kunipunguzia kazi! Na mwanamke yule yuko tayari, atasimama, mkono hautatetemeka, tone halitamwagika.

Sasa yuko nje ya mlango wa mbele. Nasikia viatu vyake kwenye kokoto, hatua mbili, anasimama, hatua mbili. Ameita. Mama?

Nimemjibu anisubiri kidogo, natafuta viatu.

Viatu viko miguuni.