Magoti Niliyopiga Masese

Baba, afande wangu,

Nimekaa hapa Mbale, chai imepoa mbele yangu, nakuandikia kwa Kiswahili chako cha kambini kwa sababu kwa lugha nyingine ningeona haya. Nimechanganyikiwa. Wamenipa chuo, Baba. Baraza limeniteua niwe mkuu wa chuo kikuu hiki cha serikali ambacho nimefundisha tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Ungekuwepo ungeshapita kila duka la kwetu Masese ukitangaza, na soda ungekunywa za bure.

Sasa sikia shida yenyewe. Kazi hii niliiomba ukiwa bado mzima. Nilipotoka kwenye usaili ulinipigia simu kuuliza kama niliongea kwa sauti. Ulifariki matokeo hayajatoka. Siku ya kukuzika akaja mheshimiwa waziri. Hakukujua hata kidogo, jina lako alilisoma kwenye karatasi na bado akalikosea. Alisifu jeshi, akasifu serikali, halafu akaninyooshea kidole: huyu binti yetu ndiye atakayeongoza chuo, nimeshasema. Watu wakapiga makofi, nawe umelala pale kwenye jeneza. Nami na gomesi yangu, vazi la heshima, macho yamejaa machozi, nikaenda nikapiga magoti mbele yake nikashukuru, kama Mama alivyonifundisha kumshukuru kila mkubwa anayekuja msibani. Nilipokea pole, au nilipokea cheo? Wallahi sijui.

Mtu alipiga picha. Sasa imo kwenye simu za wahadhiri wote, na nikiingia ofisini mazungumzo yanakatika.

Dokta Wabwire, yule mwalimu wangu aliyekuwa akikuletea malewa, yale machipukizi ya mianzi, naye aliomba kiti hiki hiki. Juzi alikuja kwangu, akanipa hongera, tukacheka mambo ya zamani. Alipofika mlangoni akageuka, akaniuliza kwa upole: "Binti yangu, ulipopiga magoti, ulikuwa unashukuru nini?" Aliondoka bila kusubiri jibu.

Nikaenda kuomba baraza lituonyeshe alama zetu za usaili sisi tulioomba. Wakaniambia alama ni siri, mama, wewe kalia kiti. Kwa hiyo huenda nilikuwa wa kwanza. Huenda nilikuwa wa mwisho. Hilo ndilo linalonila.

Nakutafuta unishauri, nakuta wazee wawili. Mmoja alizeekea getini kwenye kambi ya Kimaka akiwa sajini tu, akilalamika kila jioni kwamba hakuwa na mtu wa kumshika mkono, na asiye na mtu hufungua geti mpaka kaburini. Huyo najua angesema: mjinga wee, mtu umempata, shika. Wa pili ni yule aliyerudi nyumbani siku moja akasukuma sahani ya posho, ugali wake. Kijana aliyepandishwa cheo kwa jina la mjomba wake alikuwa amepita getini na nyota zake mabegani, nawe ukampigia saluti. Nilikuuliza kwa nini huli. Ukasema, "Nimesalimia nyota. Mtu sijamwona."

Kati ya hao, baba yangu ni nani? Nimekukasirikia, kusema kweli. Umeniachia wote wawili, wewe ukaenda kulala.

Lakini sitaki Dokta Wabwire anisalimie hivyo. Hilo tu ndilo nina hakika nalo. Basi leo asubuhi nimewajibu watu wa baraza: nitakalia kiti siku alama zitakaposomwa mbele ya wahadhiri, Dokta akiwepo. La sivyo wampe mwingine. Mheshimiwa ameshapiga simu, anasema sina shukrani, hata maiti ya baba yangu aliiheshimu. Nimelia. Huenda wakamweka mtu mwenye magoti mepesi kuliko yangu, chuo kikaharibika, na kosa likawa langu. Huenda hii si haki hata kidogo, ni kiburi chako tu nilichorithi. Ungeniambia, Baba. Ungenitumia hata ndoto.

Pumzika, afande. Geti sasa watafungua wengine. Nikikosa, nitarudi darasani na chaki yangu, na kwako nitakuja vile vile kupalilia. Nikipata, nitavaa gomesi ile ile nije Masese, nipige magoti kaburini kwako, na safari hiyo nitajua nashukuru nini.

Binti yako